Ndimu Itie Sufuria Ikishaepuliwa

Jirani yangu hapa Kibokoni huitia ndimu mapema, mchuzi unapoanza tu kutokota. Juzi nikamwambia anaiharibu. "Mbona ukali wake nausikia vilevile, mwalimu?" akaniuliza. Swali zuri hilo.

Ukali wa ndimu hutokana hasa na asidi ya sitriki, na moto wa jikoni hauidhuru. Vitamini C ni kitu kingine: asidi ya askobiki, C6H8O6, iliyomo kwa kiasi kidogo sana. Ulimi hauwezi kukuambia kama ingalimo au imekwenda.

Nikatwaa glasi mbili za maji, kila moja nikaitia matone matatu ya iodini ya vidonda. Yakawa rangi ya turungi hafifu. Ya kwanza nikaidondoshea ndimu mbichi. Matone machache tu, rangi ikayeyuka mbele ya macho yake. Ya pili nikatumia maji ya ndimu niliyoyachemsha saa nzima, nikirudishia yaliyopungua kwa mvuke. Tulidondosha, tukadondosha, ndipo rangi ikaondoka: vitamini C iliyosalia ilikuwa kidogo.

Asidi ya askobiki hutoa elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi, kwa wepesi. Iodini ikizipokea hugeuka iodaidi, isiyo na rangi. Ndani ya sufuria anayezipokea ni oksijeni ya hewani, na joto humharakisha. Chembechembe za shaba humharakisha zaidi. Asidi ya askobiki ikishatoa elektroni mbili huwa asidi ya dehidroaskobiki, ambayo mwili bado unaweza kuirudisha. Lakini pete ya molekuli hiyo ikifunguka, basi, hairudi tena.

Mbuzi hujitengenezea vitamini hii kutokana na glukosi. Sisi jeni ya kimeng'enya cha mwisho cha kuitengeneza imeharibika, kwa hivyo lazima tuile. Tukiikosa kwa miezi, kolajeni hulegea, fizi huvuja damu: kiseyeye. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mfalme alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Shajara ya safari hiyo inasema wagonjwa wao walipona hapa, ikaisifu hewa. Mimi nayasifu machungwa.

Jirani yangu ana binti mja mzito anayekula mchicha kila siku. Chuma cha mboga huingia mwilini kwa shida kikiwa katika hali ya Fe3+, yaani kimepungukiwa elektroni tatu. Vitamini C hukipa elektroni moja, kikawa Fe2+, ambacho utumbo hukipokea. Kwa hivyo nilimwomba ndimu ya binti aikamulie kwenye sahani, mchicha ukishapakuliwa.