Mwendo wa polepole hauzuii kanga kunaswa

Katika vituo vya bodaboda vya Mwanjelwa na Uyole, jijini Mbeya, ambako baridi ya asubuhi huwafanya abiria wengi wajifunge vitenge na mitandio juu ya nguo zao, imezoeleka kuaminiwa kwamba nguo hunaswa tu pikipiki inapokwenda kasi. Imani hiyo ni ya siku nyingi, lakini si sahihi.

Gurudumu la nyuma la pikipiki ya kawaida lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao wengi wetu huuita wa pole, huzunguka takribani mara 3 kila sekunde. Pindo la kanga likishaingia kwenye spoku, hujiviringisha kwenye kitovu cha gurudumu, na kila mzunguko huvuta kitambaa zaidi. Kanga yenye urefu wa mita moja na nusu inaweza kuvutwa karibu yote kabla dereva hajashika breki. Ikiwa imefungwa kiunoni, abiria huangushwa. Ikiwa ni mtandio uliozungushwa shingoni, humkaba. Mimi huhofia zaidi mbeleko, kwa kuwa mama hawezi kuliona pindo lake la chini linaloning'inia nyuma ya mtoto.

Kulikalia pindo pekee hakutoshi, maana upepo na matuta hulichomoa. Lifungwe fundo kwa mbele, na ncha za mtandio ziingizwe ndani ya koti kabla pikipiki haijaondoka.