Uoanifu: nini huvunjika programu ya ramani inapopata toleo jipya

Tangazo la toleo jipya la programu ya ramani huanza na mazuri: alama mpya, zana mpya, kasi zaidi. Habari za vitu vilivyoacha kufanya kazi hukaa chini kabisa, mahali ambapo wengi hawafiki, na huko ndiko neno uoanifu hukutwa. Linatokana na kuoana, kama tunavyosema shati na suruali vimeoana. Kwenye programu maana yake ni kwamba vitu viwili vilivyokuwa vikifanya kazi pamoja bado vinaelewana baada ya kimojawapo kubadilika.

Uoanifu una pande mbili. Wa nyuma ni pale toleo jipya linapofungua kazi iliyofanywa kwa toleo la zamani. Wa mbele ni pale toleo la zamani linapofungua kazi iliyohifadhiwa kwa jipya. Watengenezaji kwa kawaida huahidi ule wa kwanza tu. Mradi uliohifadhiwa kwa toleo la 3 la ArcGIS Pro, programu ya ramani ya kulipia, kwa mfano, haufunguki kwenye ArcGIS Pro 2, ingawa kinyume chake kinawezekana. Ndiyo maana mtu mmoja ofisini akiboresha programu yake peke yake, anaweza kuwafungia wenzake mlango bila kujua: yeye anafungua kazi zao, wao hawafungui yake.

Kwa QGIS, programu ya ramani ya bure, mvunjiko mkubwa ulikuja Februari 2018, toleo la 3.0 lilipotoka. Ndani yake Python, lugha ya kuandikia programu, ilihama kutoka 2 kwenda 3, na Qt, maktaba (mkusanyiko wa msimbo ambao programu nyingine huutumia) inayochora madirisha na vitufe, ikahama kutoka 4 kwenda 5. Darasa (kipande cha msimbo chenye kazi yake) la QgsMapLayerRegistry, ambalo programu-jalizi nyingi, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani ya QGIS, zilikuwa zikilitumia kuongeza tabaka kwenye ramani, liliondolewa na kazi yake ikapewa QgsProject. Programu-jalizi iliyoandikwa kwa toleo la 2.18 haikuwa na njia: ama iandikwe upya, ama ibaki ilipo. Faili ya metadata.txt inayokaa ndani ya kila programu-jalizi hutaja toleo la chini la QGIS inaloliweza, na huweza kutaja la juu zaidi, kwa hiyo ile ya zamani hukataliwa mapema, kabla haijafanya lolote.

Kukataliwa waziwazi kuna nafuu. Ujumbe mwekundu unaonekana, unatafuta suluhisho, basi. Kinachonitia hofu ni badiliko linalopita kimya. Katika Python 2, kugawa 5 kwa 2 kulitoa 2, kwa sababu namba zote mbili ni nzima. Katika Python 3 kunatoa 2.5. Hati, yaani msururu mfupi wa amri za Python, iliyotegemea mgawanyo huo kuhesabu safu za gridi huweza kuendelea kufanya kazi bila malalamiko, ila jibu limebadilika.

Mfano mzito zaidi ni wa mwaka 2019, GDAL ilipofika toleo la 3.0. Hii ni maktaba inayosoma na kuandika data za ramani ndani ya programu nyingi, QGIS ikiwemo. Mfumo wa majiranukta (namba zinazotaja mahali) unaojulikana kwa namba EPSG:4326, ule wa digrii tunaoupata kwenye GPS, kwa ufafanuzi wake rasmi hutaja latitudo kwanza, kisha longitudo. Programu za ramani zilizoea kinyume, longitudo kwanza, kama x na y za darasani. GDAL 3 iliamua kufuata ufafanuzi rasmi. Watumiaji wa QGIS yenyewe hawakusumbuka, kwa kuwa waliojenga QGIS walilishughulikia jambo hilo ndani kwa ndani. Waliokuwa na hati zao wenyewe za kubadili majiranukta ndio walioumia. Geuza namba za Paris, latitudo 48.9 na longitudo 2.4, na mji wote unaelea katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Mogadishu. Dawa ni mstari mmoja unaoiambia GDAL irudie mpangilio wa zamani, lakini lazima kwanza ujue kwamba unaumwa.

Paris baharini inaonekana kwa macho, angalau. Mwaka huohuo PROJ, maktaba inayokokotoa mageuzi kati ya mifumo ya majiranukta, iliacha kulazimisha kila geuzo lipitie WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, kama kituo cha katikati. Sasa inaweza kuchagua njia ya moja kwa moja iliyo sahihi zaidi. Hesabu ni bora, ila tabaka lilelile likigeuzwa kwa toleo la zamani na kwa jipya linaweza kupishana kwa mita kadhaa. Kwenye ramani ya bara zima hakuna atakayeona. Kwenye mpaka wa kiwanja, mita tatu ni ugomvi.

Miundo ya faili nayo ina mambo yake. QGIS 3 ilifanya GeoPackage kuwa chaguo la kwanza badala ya Shapefile, muundo wa miaka ya 1990 ambao jina la safu haliwezi kuzidi herufi 10. Ukirudisha data kwenye Shapefile kwa ajili ya mwenzako, safu ya idadi_ya_watu na ile ya idadi_ya_watoto zote hukatwa na kuwa idadi_ya_w, halafu moja hupachikwa namba mwishoni ili zitofautiane. Ipi ni ipi, mwenzako abahatishe.

Ukitaka kujua mradi wa QGIS ulihifadhiwa kwa toleo gani, huhitaji hata QGIS. Faili ya .qgs ni maandishi matupu. Ifungue kwa kihariri chochote na namba ya toleo ipo mistari ya mwanzo kabisa. Ikiwa ni .qgz, hiyo ni zip tu iliyobadilishwa jina: ifungue kama zip nyingine yoyote na utaikuta .qgs ndani. Na kompyuta moja inaweza kubeba matoleo mawili ya QGIS kwa wakati mmoja, kwa hiyo lile la zamani usiliondoe hadi ufungue nakala ya mradi kwenye jipya na kulinganisha nukta chache unazozijua vizuri.