Mpira wa kwanza wa boulingi: anza na tundu la gumba

Anayeanza boulingi, mchezo wa kuviringisha mpira mzito ili kuangusha pini, huuliza uzito wa mpira kwanza, halafu rangi. Mimi humrudisha kwenye tundu la kidole gumba. Mpira wa paundi 14 uliotobolewa kulingana na mkono wako hubebeka kwa urahisi kuliko wa paundi 12 unaolazimika kuubana muda wote.

Ingiza gumba lote mpaka mwisho, kisha lizungushe. Liguse kuta pande zote na lizunguke kwa msuguano kidogo, bila ngozi kuvutika. Tundu likipwaya, kidole hujikunja ndani ili mpira usiponyoke, mkono mzima hukakamaa, na baada ya michezo michache unapata sugu au malengelenge. Likibana, gumba hukwama wakati wa kuachia. Mpira hupaa na kuanguka kwa kishindo mbele ya mstari wa kurushia. Kati ya makosa hayo mawili, heri kupwaya kidogo, kwa kuwa utepe maalumu hubandikwa ndani ya tundu na kulipunguza. Utepe huo unafaa pia kwa sababu gumba huvimba na kunywea mchezo ukiendelea.

Gumba likiwa ndani, laza kidole cha kati na cha pete juu ya matundu yao. Kwa mshiko wa kawaida, ambao ndio ninaoupendekeza kwa mwanzo, mkunjo wa kiungo cha pili upite ukingo wa ndani wa tundu kwa milimita 6 hivi. Ukishaingiza vidole, penseli ipite kati ya kiganja na mpira. Umbali kati ya tundu la gumba na matundu ya vidole ukizidi, kano za shina la gumba huvutwa na kuuma. Ukipungua, unaanza tena kubana. Mipira ya ukumbini hutobolewa kwa kukadiria: myepesi ina matundu madogo, mizito ina makubwa. Mwenye vidole vinene na bega lisilo na nguvu hapati wa kumfaa, na hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuwa na mpira wako.

Sasa uzito. Kikomo ni paundi 16, takriban kilo 7.26. Kanuni ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili humpa mtu wa kilo 60 mpira wa paundi 13, lakini ichukue kama mahali pa kuanzia tu. Bembeza mkono kutoka begani mara kadhaa. Bega likiinama, kiwiko kikijikunja, au mpira ukidondoka kabla ya kufika usawa wa kifundo cha mguu, punguza paundi moja. Mwenye jeraha la bega apunguze zaidi bila kusita. Ila mwepesi mno nao una tatizo lake: unaanza kuutupa kwa misuli badala ya kuuacha ubembee, na kwa kuwa pini moja ina uzito wa zaidi ya kilo 1.5, mpira ukigonga ya kwanza husukumwa kando na kuiacha pini ya 5 imesimama katikati.

Kuhusu ganda, chukua poliesta. Njia ya kuviringishia mpira hupakwa mafuta, na poliesta huteleza juu yake karibu moja kwa moja, hivyo mpira ukienda kombo unajua ni mkono wako. Ganda la rezini hushika sakafu pale mafuta yanapoisha na kupinda kwa nguvu. Kwa anayeanza, mpindo huo huficha makosa ya mkono. Rezini pia hunyonya mafuta, kwa hiyo hufutwa kila baada ya kurusha. Poliesta haitapitwa na wakati hata ukinunua rezini baadaye: ndiyo inayofaa kufuatia pini moja iliyobaki pembeni, kama ya 7 au ya 10.

Ukienda kutobolewa mpira, mwombe fundi apime mkono baada ya kucheza kidogo, ukiwa umepata joto. Na usiuache kwenye gari lililoanikwa juani, maana ganda huweza kupasuka.