Miguu Ikipooza, Moyo Haujapooza

Hapa Kigoma mtu akipooza miguu, ndugu humwambia: "Pumzika, usijichoshe." Wengi tumekua tukiamini kwamba mazoezi ya pumzi, yaani yale yanayoufanya moyo na mapafu vifanye kazi zaidi, ni ya wanaoweza kukimbia. Imani hiyo inatokana na upendo, lakini inamdhoofisha mgonjwa.

Moyo hauchagui msuli. Mikono ikisukuma kiti mwendo, misuli yake inadai oksijeni, na moyo na mapafu hulazimika kuipeleka. Ni kweli misuli ya mikono ni midogo kuliko ya mapaja, hivyo kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia huwa kidogo. Hata hivyo hupanda kwa mazoezi. Anayepanda Barabara ya Lumumba kutoka stesheni hadi Mwanga kwa baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, huyo anafanya mazoezi hasa! Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 kwa watu wazima walioumia uti wa mgongo unataja angalau dakika 20 za mazoezi ya pumzi, ya wastani hadi makali, mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu.

Aliyeumia shingoni au kifuani juu, mapigo ya moyo huenda yasipande sana, basi ajipime kwa pumzi: aweze kuongea, ashindwe kuimba. Jasho nalo hupungua chini ya jeraha, kwa hiyo asubuhi mapema inamfaa kuliko jua la mchana. Kichwa kikimgonga ghafla huku uso ukitoka jasho, aache, akae wima, aangalie kama kibofu kimejaa; hali isipotulia mara moja, apelekwe hospitali.