Mlango ukikwama, tafuta uelekeo wa nyuzi kwanza

Nikiitwa kurekebisha mlango unaokwama, mara nyingi nakuta mwenye nyumba ameshajaribu mwenyewe: ukingo umechimbika na nyuzi za mbao zimenyofoka. Huniuma, maana nguvu alikuwa nayo ya kutosha. Alichokosa ni uelekeo.

Kaza kwanza skrubu za bawaba. Huenda mlango umelala tu. Bado unakwama? Paka chaki kwenye fremu, funga, fungua. Chaki ilipohamia ndipo panapogusa, na hapo tu ndipo pa kupunguza.

Sasa chukua randa, kile kifaa chenye kisu cha kuparia mbao. Tazama ubavu wa mbao uone nyuzi zinapanda kuelekea wapi, kisha sukuma kulekule zinakopanda, kama unavyompapasa paka kutoka kichwani kwenda mkiani. Ukisikia randa inarukaruka na kunyofoa, unakwenda kinyume, geuka. Unapoanza, mkono wa mbele ndio ukandamize. Ukikaribia mwisho, uzito uhamie mkono wa nyuma. Usipofanya hivyo, ncha zitaliwa na katikati itabaki na mgongo. Maranda yatoke membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Yakitoka mazito, rudisha kisu ndani kidogo.

Ukingo wa juu una hila yake. Kwenye kona, vichwa vya mbao za wima viko wazi, na randa ikipita hadi nje itamegua kipande. Anzia kona ya nje uingie ndani, kisha uje upande wa pili vivyo hivyo.

Ulimi wa kitasa ukikosa tundu la bati lililo kwenye fremu kwa milimita moja, chukua tupa, kifaa cha meno cha kusugulia chuma, upanue tundu hilo. Meno yake yanatazama mbele, kwa hiyo inakata ukisukuma tu. Wakati wa kurudi inyanyue. Ukiiburuza, unayaua meno bure. Isugue chaki kabla ya kuanza, ili vumbi la chuma lisigande katikati ya meno. Na tafadhali, usitumie tupa isiyo na mpini. Mimi ilinichoma kiganjani nilipokuwa mwanagenzi, na kovu ninalo hadi leo.

Ukimaliza, paka ukingo rangi au vanishi siku hiyohiyo. Mbao iliyoachwa wazi hunywa unyevu ikavimba, na mlango utakwama palepale ulipopunguza.