Alphonse Mucha: mabango yalimpa jina, yeye alitaka zaidi

Watu wengi wameiona kazi ya mchoraji Alphonse Mucha bila kujua jina lake: mwanamke mwenye nywele ndefu zinazojiviringa, maua yamemzunguka, na nyuma ya kichwa chake duara la nakshi. Inapendeza, ndiyo maana wasomi wengi waliipita haraka wakisema ni pambo tu. Nadhani hawakumtendea haki.

Mucha alizaliwa mwaka 1860 Ivančice, mji mdogo wa Moravia, katika Jamhuri ya Czech ya leo. Chuo cha sanaa cha Prague kilimkataa. Akaenda Vienna kuchora mandhari ya majukwaa, lakini ukumbi wa Ringtheater ulipoteketea mwaka 1881, kazi nayo ikaisha. Baadaye tajiri mmoja wa ukoo wa Khuen alimgharamia masomo Munich na Paris.

Mwishoni mwa 1894, Sarah Bernhardt, mwigizaji aliyetamba kuliko wote Ufaransa, alitaka kwa haraka bango la tamthilia yake Gismonda. Kazi ikamwangukia Mucha, na tarehe 1 Januari 1895 bango likawa mitaani. Litazame kwa makini. Ni jembamba, urefu wake umepita mita mbili, hivyo Bernhardt anakutazama akiwa na kimo cha mtu kamili. Ameshika kuti la mtende, kichwani ana maua, joho lake zito limetariziwa mpaka chini. Juu yake kuna tao lenye jina lake, mithili ya picha za watakatifu makanisani. Rangi ni za upole, wakati mabango mengine ya Paris yalikuwa yakipiga kelele kwa wekundu na unjano. Bernhardt akamfunga kwa mkataba wa miaka sita.

Hapo maombi yakamiminika: biskuti, shampeni, karatasi za sigara, kalenda, hata vito na duka zima la sonara Georges Fouquet.

Lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Kwa fedha za Mmarekani Charles Crane, kuanzia 1910 alichora turubai 20 kubwa mno za historia ya Waslavi, yaani jamii za Ulaya ya Mashariki na Kati kama Wacheki wa kwao, nyingine zikiwa na upana wa mita nane. Czechoslovakia ilipozaliwa mwaka 1918, ndiye aliyebuni stempu zake za kwanza. Turubai alizikabidhi kwa jiji la Prague mwaka 1928, na wahakiki wengi wakaziona zimepitwa na wakati. Mimi ninazithamini, ingawa ufundi wake mkuu nauona kwenye mabango: mstari mmoja usiokatika unaobeba nywele, nguo na herufi kwa pamoja.

Wanazi walipoivamia nchi mwaka 1939, polisi wao wa siri, Gestapo, walimkamata na kumhoji, mzee wa miaka 78. Julai mwaka huohuo akafariki kwa nimonia. Utawala wa kikomunisti uliofuata haukumjali sana. Aliyemfufua ni ulimwengu wa nje: maonyesho ya London ya mwaka 1963, kisha wachoraji wa mabango ya muziki wa San Francisco walioazima nywele zake na herufi zake.

Turubai za Waslavi zilikaa miaka mingi katika kasri la Moravský Krumlov, karibu na alikozaliwa. Zilihamishiwa Prague, na mwaka 2021 zikarejeshwa kasrini kuonyeshwa tena.