Mwandishi wa Katuni Si Lazima Ajue Kuchora

Vijana wengi Kampala wenye hadithi nzuri kichwani huacha katuni mapema: "Mimi mkono wangu haujui kuchora." Wanadhani mwandishi wa katuni ndiye mchoraji. Wapo wanaofanya yote mawili, lakini hiyo si sharti.

Mtazame Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Katuni yake LaGuardia ilipata tuzo ya Hugo (ya hadithi za kubuni mambo ya kesho) na ya Eisner (ya katuni) mwaka 2020, na michoro yake ni ya Tana Ford, rangi za James Devlin. Yeye aliandika. Hata mfululizo wa Shuri wa kampuni ya katuni ya Marvel, alioanza kuuandika 2018, ulichorwa mwanzoni na Leonardo Romero.

Kazi ya mwandishi hapa inafanana na ya mwandishi wa filamu. Anaandika mswada: ukurasa huu una visanduku vya picha vingapi, kila kimoja kinaonyesha nini, nani anasema nini. Ugumu upo kwenye kupunguza. Kisanduku kimoja hubeba tukio moja. Mhusika hawezi kufungua mlango, kuketi na kulia humo humo. Maneno yakizidi, yanafunika picha (wanaotoka kwenye riwaya hujikwaa sana hapa).

Tena Okorafor hakuanzia katuni. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 2005, na riwaya yake fupi iitwayo Binti ilikuwa imeshinda Hugo na Nebula, tuzo nyingine ya hadithi za aina hiyo, kabla ya Shuri. Kwa hiyo kijana wa Tororo au Jinja anayeandika hadithi fupi za kubuni mambo ya kesho tayari yumo njiani. Atamtafuta mchoraji baadaye, akiwa na mswada mkononi.